Mkazo wa Neno Katika Ubongo: Somo Kutoka Kijerumani, Kiswahili na Chasu

Anayesafiri kutoka Same kwenda Mkomazi kwa njia ya Kisiwani hupita chini ya Milima ya Upare ya Kusini, akafika Gonja, Maore na Ndungu, milima ikiwa upande mmoja na mashamba ya mpunga yakiwa bondeni. Katika safari hiyo huenda akasikia neno moja likitamkwa kwa namna mbili. Dereva atalalamika kwamba baraBAra imeharibiwa na mvua. Fundi aliyemaliza kufunga gurudumu atasema kazi imekamilika baRAbara. Konsonanti ni zilezile na irabu ni zilezile. Kilichohama ni mkazo, nao umehama na maana.

Katika makala haya, silabi yenye mkazo itaandikwa kwa herufi kubwa kama ilivyofanyika hapo juu. Swali tunalolichunguza ni hili: ubongo hufanya nini na mkazo wa neno? Kijerumani kimechunguzwa sana na wataalamu wa ubongo katika jambo hili, kwa hiyo tutakitumia kama kioo. Kisha tutarudi Maore, mahali ambapo watu wengi huishi na Chasu nyumbani na Kiswahili sokoni, shuleni na zahanati. Tutaona kwamba suala hili linamhusu pia mgonjwa aliyepata kiharusi na mhudumu anayeketi mbele yake.

Mkazo ni nini

Mkazo ni uzito ambao silabi moja hupewa kuliko jirani zake. Msikilizaji hudhani kwamba uzito huo ni sauti kubwa tu, lakini vipimo huonyesha kuwa hujengwa na mambo matatu yanayosaidiana: sauti kupanda au kushuka, silabi kurefuka, na nguvu ya hewa kuongezeka. Lugha hutofautiana katika kiasi zinachotumia kila kimoja. Kijerumani huongeza jambo la nne, kwani silabi isiyo na mkazo mara nyingi hufifia hata irabu yake ikakaribia kumezwa.

Mkazo usichanganywe na toni. Katika lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya umbo la neno au la kitenzi, kama vile konsonanti na irabu zilivyo. Usichanganywe pia na kiimbo, ambacho ni wimbo wa sentensi nzima. Tunaposema “Amefika.” na “Amefika?” tumebadilisha kiimbo, mkazo wa neno umebaki palepale.

Lugha tatu, kanuni tatu

Kiswahili kina kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likirefushwa, mkazo husogea nalo: SHUle, shuLEni, SOma, someSHAna. Yako maneno machache yanayovunja kanuni, kama LAzima na baRAbara, lakini ni machache mno. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili hauhitaji mkazo ili kulitambua neno. Anauhitaji zaidi ili kujua neno limekaribia kuisha. Mkazo ukisikika, silabi moja tu imebaki, na baada yake neno jingine linaanza. Ni alama ya mpaka, mithili ya jiwe lililopandwa kati ya shamba na shamba.

Chasu, lugha ya Wapare, ina mfumo mwingine. Kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili kilikwisha kuipoteza toni. Anayekua akisema Chasu hulazimika kufuatilia kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, kwa kuwa tofauti hizo zina kazi katika sarufi na msamiati wake.

Kijerumani si kigeni kabisa katika milima hii. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Upare ya Kusini mwaka 1903 na kuanzisha kituo chao Giti, na mmoja wao, Ernst Kotz, aliandika sarufi ya Chasu iliyochapishwa Berlin mwaka 1909. Kutoka enzi hizo Kiswahili kilibakiza maneno kama shule, lililotokana na Schule, na hela, lililotokana na sarafu iliyoitwa Heller. Maneno hayo hayakututaabisha, kwa sababu mkazo wake kwa Kijerumani uko kwenye silabi ya kwanza kati ya mbili, palepale ambapo kanuni ya Kiswahili ingeuweka.

Taabu huanza kwenye maneno marefu. Tazama maneno matatu ya Kijerumani, kila moja likiwa na silabi tatu: Ananas, yaani nanasi, hutamkwa Ananas kwa mkazo wa silabi ya kwanza, Bikini hutamkwa biKIni, Vitamin hutamkwa vitaMIN. Mkazo umekaa mwanzoni, katikati na mwishoni. Mzungumzaji wa Kiswahili akiachwa afuate mazoea yake atayatamka yote matatu kwa mkazo wa katikati, na atapatia moja tu.

Tena yapo maneno ambayo mkazo wake hutenganisha maana kabisa. Kitenzi umfahren kikitamkwa UMfahren maana yake ni kugonga kitu kwa gari na kukiangusha. Kikitamkwa umFAHren maana yake ni kukizunguka kitu bila kukigusa. Kwa mbuzi aliyesimama katikati ya njia, tofauti hiyo si ndogo. Vivyo hivyo überSETzen ni kutafsiri, na ÜBERsetzen, mkazo ukiwa mwanzoni, ni kuvusha watu kwa mashua hadi ng’ambo ya pili. Kwa hiyo Mjerumani hulazimika kuhifadhi mkazo akilini pamoja na neno lenyewe.

Kutoka sikioni hadi kwenye maana

Sauti hufika katika sikio la ndani kama mitetemo. Huko, chembe zenye nywele laini huigeuza mitetemo kuwa ishara za umeme, ambazo hupitia shina la ubongo na kufika katika gamba la usikivu, lililo pande zote mbili za kichwa, karibu na masikio. Hapo kazi hugawanywa. Kwa jumla, nusu ya kulia ya ubongo huwa makini zaidi katika mabadiliko ya taratibu ya sauti, kama wimbo, na nusu ya kushoto huwa makini katika mabadiliko ya haraka na katika maarifa ya maneno.

Hata hivyo mgawanyo huo hauamuliwi na sauti peke yake. Mwaka 1973, Diana Van Lancker na Victoria Fromkin wa California waliwasikilizisha watu maneno ya Kithai, ambayo ni lugha ya toni, kwa kupeleka neno moja katika sikio la kulia na jingine katika la kushoto kwa wakati mmoja. Wathai walizitambua toni vizuri zaidi kwa sikio la kulia, ambalo hupeleka habari zake hasa katika nusu ya kushoto ya ubongo. Wazungumzaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo. Sauti ilikuwa ileile, lakini kwa Wathai ilikuwa sehemu ya neno, kwa hiyo iliingia katika mitambo ya lugha. Kwa wengine ilibaki kuwa wimbo tu.

Ili kujua mambo haya hutokea lini, watafiti hutumia kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo hicho kilianzishwa na daktari Mjerumani Hans Berger wa mji wa Jena, aliyenasa mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyatangaza mwaka 1929. Vipokezi vidogo huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, bila kupasua wala kuchoma, na hunasa mabadiliko yanayotokea ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa njia hiyo, Claudia Friedrich na wenzake walichapisha mwaka 2004 jaribio lililowatumia wazungumzaji wa Kijerumani. Washiriki walisikia silabi ya mwanzo tu ya neno, ikiwa na wimbo wa silabi yenye mkazo au isiyo na mkazo, kisha neno kamili likaandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Wimbo wa silabi ulipolingana na mkazo wa neno lililofuata, ubongo ulilipokea neno kwa wepesi zaidi, na tofauti hiyo ilionekana baada ya takriban theluthi moja ya sekunde. Maana yake ni kwamba Mjerumani hasubiri neno liishe. Silabi moja ikishasikika, mkazo wake umekwisha kuwaondoa wagombea kadhaa katika orodha ya maneno yanayowezekana.

Mwaka 2008, Ulrike Domahs na wenzake wa Marburg walichunguza kinachotokea mkazo unapowekwa mahali pasipo pake. Washiriki walisikia maneno ya silabi tatu, mengine sahihi na mengine yenye mkazo uliohamishwa, wakaombwa kuamua kama yametamkwa sawasawa. Baadhi ya makosa yaliamsha wimbi kubwa la umeme; mengine yaliamsha dogo au hayakuonekana wazi. Makosa yaliyoushtua ubongo ni yale yaliyoharibu jinsi silabi zilivyofungwa pamoja katika mafungu, yaani mapigo ya neno. Basi ubongo wa Mjerumani hauhesabu silabi moja moja tu. Umehifadhi pia mpangilio wa mapigo hayo.

Mtoto wa miezi minne

Uwezo huu huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyofikiri. Mwaka 2007, Angela Friederici wa Leipzig, mji ambao misheni yake ya Kilutheri ilifanya kazi Kilimanjaro na Upare ya Kaskazini, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa watoto wa miezi minne hadi mitano, Wajerumani na Wafaransa. Watoto walisikilizishwa silabi mbili, “baba”, mara nyingi kwa mkazo wa aina moja, na mara chache kwa mkazo wa aina nyingine ulioingizwa ghafla. Katika Kijerumani, maneno mengi ya silabi mbili huwa na mkazo mwanzoni. Katika Kifaransa uzito huangukia mwishoni.

Ubongo wa watoto wa Kijerumani ulishtuka zaidi uliposikia baBA. Ule wa watoto wa Kifaransa ulishtuka zaidi uliposikia BAba. Watoto hao hawakuwa wametamka neno hata moja, lakini kila mmoja alikwisha kujua ni mdundo upi wa kawaida nyumbani kwao na upi wa ajabu.

Mtoto anayelelewa Maore na bibi anayemwimbia kwa Chasu, huku wakubwa zake wakizungumza Kiswahili uani, anapokea aina mbili za mpangilio wa sauti kwa pamoja. Wazazi wasihofu kwamba atachanganyikiwa. Ubongo wa mtoto mchanga umeumbwa ukusanye takwimu za kile unachokisikia mara kwa mara, na lugha mbili ni mikusanyo miwili. Kinachoweza kumnyima elimu hiyo ni kutosikia: usaha wa sikio usiotibiwa, uziwi wa kuzaliwa ambao haukugunduliwa, au ukimya wa nyumba ambamo hakuna anayezungumza naye.

Uziwi ambao si ugonjwa

Kama ubongo hujifunza tofauti zenye kazi, je, hufanya nini na tofauti zisizo na kazi? Mwaka 1997, Emmanuel Dupoux na wenzake wa Paris waliwalinganisha wazungumzaji wa Kifaransa na wa Kihispania. Katika Kihispania mkazo unaweza kubadili maana ya neno. Katika Kifaransa mahali pake panajulikana daima. Wahispania walitenganisha kwa urahisi maneno ya kubuni yaliyotofautiana kwa mkazo tu. Wafaransa walitaabika, hasa pale walipotakiwa kuyashika akilini. Masikio yao yalikuwa mazima. Sauti ilifika, lakini haikuwekwa ghalani. Watafiti waliliita jambo hilo uziwi wa mkazo.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Mwombe mtu atamke maneno mawili ya kubuni, TIbaku na tiBAku, mara kadhaa hadi uyazoee. La kwanza liite moja, la pili liite mbili. Kisha ayapange matano kwa mfuatano aupendao, ayatamke bila kupumzika, nawe uandike tarakimu ulizosikia. Kutofautisha maneno mawili yanayofuatana ni rahisi. Kuyakumbuka matano hudai zaidi, kwa kuwa kumbukumbu lazima iwe na mahali pa kuuandika mkazo.

Hii ndiyo sababu mwanafunzi wa Kijerumani, kwa mfano muuguzi anayejiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, asijilaumu anapoambiwa mara kwa mara kwamba mkazo wake umekosea. Kusikiliza tu hakutoshi. Dawa yake ni kuufanya mkazo uwe sehemu ya neno tangu siku ya kwanza: aandike silabi yenye mkazo kwa alama, alitamke neno huku akigonga meza kwenye silabi hiyo, na atumie kamusi inayoonyesha mkazo, kwani kamusi nzuri za Kijerumani huuonyesha.

Ubongo unapoumia

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito kwa afya. Mwaka 1947, daktari wa neva wa Norway, G. H. Monrad-Krohn, alichapisha habari za mwanamke aliyejeruhiwa kichwani kwa kipande cha bomu wakati wa shambulio la ndege mwaka 1941. Jeraha lilikuwa upande wa kushoto wa ubongo. Mwanzoni alipooza upande wa kulia na kupoteza usemi. Baadaye nguvu zilirudi, maneno yakarudi, sarufi ikarudi kwa kiasi kikubwa. Wimbo wa lugha haukurudi. Kinorwe hutenganisha baadhi ya maneno kwa mchanganyiko wa mkazo na toni, naye hakuweza tena kuupanga vizuri. Watu wakadhani ni Mjerumani. Nchi ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, na wenye maduka wakakataa kumhudumia. Alikuwa Mnorwe aliyezaliwa na kukulia huko, ila ubongo wake ulikuwa umempokonya lafudhi yake.

Hali hiyo huitwa disprosodia. Inaweza kufuata jeraha la kichwa, uvimbe wa ubongo au kiharusi, na huweza kutokea pamoja na afasia, yaani kupotea kwa uwezo wa kutumia au kuelewa lugha. Kwa kawaida haiui. Lakini humtenga mtu na jamaa zake kwa namna isiyoonekana kwenye picha ya kichwa.

Hebu tumfikirie mzee wa Maore anayepata nafuu baada ya kiharusi. Mhudumu anampima kwa Kiswahili. Anamwomba ataje vitu: kikombe, jembe, barabara. Anamwomba arudie sentensi. Mzee anafaulu, na katika kadi yake panaandikwa kwamba usemi ni mzuri. Nyumbani mkewe anasema, “Anavyosema Chasu siku hizi, si yeye.” Huenda mke huyo amesikia jambo ambalo kipimo hakikuweza kulisikia. Mkazo wa Kiswahili hufuata kanuni moja, kwa hiyo neno huweza kueleweka hata wimbo wake ukilegea. Toni za Chasu hudai zaidi, na palipo na madai makubwa ndipo upungufu hujitokeza. Kinyume chake pia kinawezekana: mzee ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo tangu zamani anaweza kuandikiwa upotevu wa usemi, kumbe lugha yake ya kwanza ni nzima.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na haya, yapo mambo ambayo mhudumu wa afya na familia wanaweza kuyafanya bila mashine yoyote.

Kwanza, usemi ukibadilika ghafla, iwe ni maneno kukwama, kuteleza, kutoeleweka au lafudhi kugeuka, hiyo ni dharura, hasa mdomo ukienda upande au mkono ukikosa nguvu. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, naye asipewe chakula wala kinywaji hadi apimwe kama anaweza kumeza. Familia ikumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza. Kutoka Same hadi hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Maore ni mbali zaidi. Kila saa inayopotea nyumbani ni sehemu ya ubongo inayopotea.

Pili, mgonjwa apimwe katika lugha aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya ugonjwa. Mhudumu asipoijua, amwite ndugu au jirani anayeijua, na amwulize maswali mahususi: Je, anasema maneno yaleyale aliyokuwa akiyasema? Je, unaweza kutambua anauliza au anaamuru? Je, sauti yake inapanda na kushuka kama zamani?

Tatu, kauli ya “si yeye” iandikwe kwenye kadi kama dalili, isipuuzwe kama huzuni ya familia. Sikio la mtu aliyeishi na mgonjwa miaka 40 limejifunza mpangilio wa sauti yake kuliko kifaa chochote.

Nne, mazoezi ya kurudisha usemi yaanze na yale yenye mdundo: kuhesabu, salamu, sala na nyimbo alizozijua mgonjwa tangu utoto, kwa lugha yake. Mara nyingi mtu asiyeweza kuzungumza huweza kuimba, kwa kuwa nusu ya kulia ya ubongo hubeba sehemu kubwa ya wimbo.

Tano, mtoto asiyegeuka anaposikia sauti, au asiyetoa sauti za kubwabwaja katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza, apelekwe kupimwa masikio. Tumeona kwamba katika miezi minne hadi mitano ubongo wake tayari uko darasani.

Mtoto wa Leipzig, muuguzi anayejifunza Kijerumani na mzee wa Maore wanatufundisha jambo moja. Ubongo huzisikia kwa makini zile tofauti ambazo lugha yake iliufundisha kuwa zina kazi. Basi anayetaka kujua kama ubongo wa mtu ni mzima na aanze kwa kuuliza swali dogo: kwenu mnasema lugha gani?